Ng'ombe Aliyeandikwa na Ng'ombe Aliyekumbukwa

Mwaka 1937 mtumishi mmoja wa serikali ya kikoloni, aliyeitwa Barnes, alizunguka wilaya ya Machakos na kamera. Alikuwa anatafuta ushahidi, na aliupata: vilima vitupu, udongo uliopasuliwa na makorongo, mimea ya kuhesabika. Mwaka huohuo Colin Maher wa idara ya kilimo aliandika ripoti kuhusu mmomonyoko wa udongo katika rizavu ya Wakamba. Kwa ufupi, ripoti ilisema nchi hii inageuka jangwa, na wanaoigeuza ni wenyeji wenyewe, kwa sababu wana mifugo wengi kuliko ardhi inavyoweza kulisha.

Miaka 54 baadaye, mwaka 1991, watafiti walizichukua picha za Barnes, wakatafuta mahali alipokuwa amesimama, wakasimama hapohapo na kupiga upya. Vilima ni vilevile, lakini sasa vina matuta yaliyopangwa kama ngazi, vina miti, vina mashamba, vina nyumba. Na watu hawakuwa wamepungua. Wilaya nzima, pamoja na sehemu ambayo leo ni Makueni, ilikuwa na watu kama 240,000 mwaka 1932. Kufikia 1989 walikuwa karibu 1,400,000. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki wakaandika kitabu kilichotoka mwaka 1994, More People, Less Erosion, yaani watu wameongezeka na mmomonyoko umepungua. Kikasomwa dunia nzima.

Sasa fikiria hizo picha za kwanza. Mwaka 1937 zilikuwa upande wa mashtaka. Mwaka 1991 zikaitwa tena mahakamani, safari hii upande wa utetezi. Picha zenyewe hazikubadilika hata nukta moja. Kilichobadilika ni nani amezishika na anataka kuthibitisha nini.

Mimi si mwanahistoria. Niliacha chuo mwaka wa pili, na siku hizi naandika chochote kinacholipa, kuanzia matangazo ya nyumba za kupanga hadi hotuba za harusi. Lakini kwetu ni Kathiani, kwenye miteremko ya vilima vya Iveti, na kwa hivyo maswali haya yananihusu. Ukitaka kujua historia ya kijiji chako, na karatasi nyingi zilizopo ziliandikwa na watu waliokuja kukishtaki kijiji hicho, utaziamini vipi? Na ukishazisoma, una ruhusa gani ya kuyasema uliyoyaona?

*

Tuanze na ng'ombe, kwa sababu kila kitu kwetu huanza na ng'ombe.

Ripoti ya Maher haikubaki kabatini. Mwaka 1938 serikali iliamuru mifugo ya Wakamba ipunguzwe kwa nguvu. Ng'ombe walihesabiwa, kila boma likaambiwa libaki na wangapi, na waliozidi wakachukuliwa na kupigwa mnada kwa bei ya kutupa. Mnunuzi mkubwa alikuwa karibu tu: kampuni ya Liebig ilikuwa inafungua kiwanda cha nyama Athi River wakati uleule, na kiwanda kinahitaji ng'ombe wa bei nafuu. Wazee waliliona hilo bila kuhitaji shahada ya uchumi.

Kwenye faili, ng'ombe ni namba. Wangapi wapo, wangapi wanatakiwa, wangapi wameuzwa, kwa shilingi ngapi. Ukisoma karatasi peke yake utadhani ugomvi ulikuwa wa mali, au wa malisho, au wa watu wakaidi wasioelewa sayansi.

Lakini muulize mzee yeyote ng'ombe alikuwa nini. Ng'ombe alikuwa na asili. Huyu alitoka kwa watu wa ng'ambo ya mto, aliletwa wakati shangazi alipoolewa. Yule ni ndama wa ndama wa mbarika tuliyopewa baada ya kesi fulani kuisha pale thome, mahali wanaume walipoketi jioni kuamua mambo ya boma. Wale wawili ni wa rafiki wa babu, wamewekwa kwetu ili ukame ukipiga kwao wasife wote. Kundi la ng'ombe lilikuwa kumbukumbu ya nani ameoa kwa nani, nani anamdai nani, nani alisamehewa nini. Mzee angeweza kusimama mlangoni pa zizi na kuusoma ukoo wake mmoja baada ya mwingine, wakipita.

Ndiyo maana mnada ule uliuma kuliko bei. Serikali ilipokuwa inajaza daftari zake, ilikuwa inafuta daftari nyingine bila kujua kwamba ni daftari. Au labda ilijua, na haikujali. Sisi tunaokwenda leo Nairobi kutafuta historia ya Kathiani kwenye mafungu ya karatasi, tunaitafuta katika daftari iliyobaki. Ile iliyochinjwa hakuna atakayetuletea mezani.

Watu hawakukaa kimya. Chama cha Ukamba Members Association kiliundwa, na Samuel Muindi Mbingu, mtu wa Ngelani upande ule mwingine wa vilima, akawa sauti yake. Mwishoni mwa Julai 1938 zaidi ya watu elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, walielekea Nairobi kumwona Gavana Brooke-Popham. Walipiga kambi Kariokor na kukaa kwa wiki kadhaa. Gavana hakuja kuwaona huko, na mwezi Agosti akaenda kufanya baraza Machakos kwa masharti yake. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa Lamu, mbali kabisa na watu wake. Lakini kabla mwaka haujaisha, upunguzaji wa lazima ulikuwa umeachwa.

Leo kuna Muindi Mbingu Street katikati ya Nairobi. Wasee wanapita pale kila siku kwenda City Market. Ukiwauliza huyo mtu alikuwa nani, wengi watakuambia ni jina la barabara tu.

Na Kariokor penyewe? Jina hilo ni Carrier Corps likiwa mdomoni mwa Mwafrika. Ni kikosi cha wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia, ambao serikali iliwabebesha mizigo hadi Tanganyika, na wengi mno wakafia njiani kwa njaa na magonjwa. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwenye ripoti yake kwamba angalau watu 116,000 waliokufa wakiitumikia Uingereza, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakuandikwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hivyo Wakamba wa 1938 walilala mahali palipopewa jina la watu ambao majina yao hayakuandikwa. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Lakini ukitaka mfano wa jinsi mdomo unavyoweza kutunza kile ambacho karatasi imekiacha, huo hapo, na matatu bado zinaita abiria kwa jina hilo.

*

Kuna kosa rahisi la kufanya ukifika hapa. Unasema: basi karatasi za mkoloni ni uongo, tuzitupe, tuwasikilize wazee. Naelewa raha ya msimamo huo. Unakufanya ujione uko upande wa haki bila kusoma kurasa mia nne.

Shida ni kwamba wazee nao ni watu. Kumbukumbu yao inapenda washindi, inapenda mababu wa kwao, na inaruka aibu. Kila ukoo utakuambia babu yao alitembea na Muindi Mbingu hadi Nairobi. Tukiwajumlisha wote waliotembea kwa mujibu wa wajukuu, Kariokor isingetosha. Na hutasikia mtu akisema babu yake ndiye aliyesimama zizini na daftari akihesabu ng'ombe wa jirani. Lakini kuna aliyesimama. Mzungu mmoja wa ofisi ya DC hawezi kuhesabu ng'ombe wa wilaya nzima. Machifu na wakuu wa vijiji ndio waliotakiwa kutekeleza amri, na hao walikuwa wa kwetu.

Kwa hiyo karatasi tunazihitaji. Ziko Nyaraka za Taifa, taasisi iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1965 na inayokaa kwenye lile jengo la zamani la benki pale Moi Avenue, karibu na stendi ya Ambassadeur. Za wilaya yetu zina alama ya DC/MKS. Nyingine hatukuachiwa. Mwaka 2011, wakati wazee waliopigania uhuru walipokuwa wanaishtaki serikali ya Uingereza mjini London, ilibidi serikali hiyo ikubali kwamba imeficha mahali panapoitwa Hanslope Park maelfu ya faili zilizosombwa kutoka makoloni 37. Za Kenya peke yake zilikuwa kama 1,500. Nyingine zilikuwa zimechomwa moto kabla ya uhuru. Mwaka 2013 Uingereza ilieleza majuto yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228. Kama karatasi zingekuwa hazina maana, hakuna ambaye angejisumbua kuzificha.

Ninachosema ni hiki: faili ni mtu wa kesi. Ina upande. Aliyeiandika alikuwa na bosi, alikuwa na mshahara, alikuwa na hofu ya kuonekana mzembe, na alikuwa na mambo ambayo hakuweza kuyaona hata yakiwa mbele ya macho yake. Maher aliona makorongo, na makorongo yalikuwepo kweli. Ambacho hakikuwa na uzito katika hukumu yake ni kwamba Wakamba walikuwa wamenyang'anywa malisho. Mua Hills walipewa walowezi, na uwanda wa Yatta ukafungwa kwa sababu ulikuwa ardhi ya Mfalme. Ukiwabana watu na ng'ombe wao kwenye kona, halafu ukaja na kamera kupiga picha ya kona iliyokanyagwa, utakuwa umepiga picha ya kweli. Lakini mwenye kona hukumwambia msomaji ni nani aliyembana hapo.

Na kile kitabu cha 1994 nacho kina upande. Watafiti wengine, kina Dianne Rocheleau, walikuja mwaka mmoja baadaye na kukumbusha kwamba hadithi nzuri ya Machakos kufufuka inaweza kuwaficha walioanguka: waliouza shamba, waliohamia maeneo makavu zaidi, wanawake waliobeba kazi yenyewe. Mlima ukipigwa picha kutoka mbali unapendeza. Mgongo ulioinama kwenye mtaro hauonekani.

*

Hapo ndipo nataka tukae kidogo, kwenye mtaro.

Kama hujawahi kufika Kathiani, jua kwamba ardhi yetu imesimama wima. Mvua ikinyesha, inataka kushuka na kila kitu. Kinachoizuia ni matuta. Unachimba mtaro kufuata usawa wa mlima, na udongo unaoutoa unaurusha upande wa juu ili utengeneze ukingo. Mvua hata mvua, udongo unajikusanya nyuma ya ukingo huo, na baada ya miaka mteremko unageuka ngazi. Njia hii inaitwa fanya juu, na hilo ndilo jina lake duniani kote. Mtaalamu wa udongo aliyeko Asia au Ulaya anaandika fanya juu kwenye makala yake, kwa Kiswahili hichohicho. Imejulikana hasa kutokana na Machakos.

Nani aliyechimba? Mwanzoni, miaka ya 1940 na 1950, watu walilazimishwa. Serikali ilichukua mwethya, desturi ya majirani kusaidiana kazi, ikaigeuza kuwa kazi ya lazima yenye msimamizi na faini. Watu waliichukia, na kuna waliosubiri uhuru ili waache kabisa. Lakini baadaye, wakiwa na mashamba ya kahawa na matunda ya kulinda, walirudi kuchimba wenyewe, bila kuamriwa, kwenye vikundi vya mwethya ambavyo vilikuwa vimejaa wanawake, kwa kuwa wanaume wengi walikuwa mjini kutafuta mshahara.

Sasa linganisha na kipande. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutumika baada ya vita. Kila mwanaume wa miaka 16 na kuendelea alibeba karatasi yenye alama za vidole vyake na historia ya kazi zake, ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inia shingoni kama kengele ya mbuzi. Ukibahatika, kwenye sanduku la bati la nyumba fulani utakikuta kikasha kimoja, kimeshika kutu, pamoja na stakabadhi za kahawa na picha moja ya studio. Ni kitu cha aibu na ni kitu cha thamani kwa wakati mmoja. Kupitia kipande unaweza kujua babu alifanya kazi wapi, kwa nani, kwa miezi mingapi.

Nyanya je? Mwanamke hakupewa kipande. Hilo lilikuwa nafuu kwake, maana hakuna polisi angemsimamisha kumuuliza karatasi. Lakini leo ukimtafuta, humpati. Hayumo kwenye daftari la waajiriwa. Kwenye faili ya DC yumo ndani ya neno wenyeji, na kwenye cheti cha shamba, mara nyingi, jina si lake.

Alipo ni mlimani. Ukingo wenye upana wa hatua mbili, uliooteshwa nyasi, ambao haujabomoka kwa miaka sitini, hiyo ni sahihi ya mtu. Ukitembea na mama wa pale atakuambia: huu ulichimbwa na kikundi cha fulani, na huu umepinda hapa kwa sababu mwenye shamba la jirani alikataa upite, na hapa palikuwa na jiwe, tukazunguka. Siku niliyotembezwa hivyo na susu, bibi yangu mzaa mama, nilihesabu majina ya wanawake kumi na mmoja kabla hatujafika mtoni. Sidhani hata mmoja yumo kwenye kitabu chochote.

Kwa hivyo mtu akiniuliza nyaraka za historia ya Kathiani ziko wapi, nitajibu kwamba ziko sehemu mbili, na huwezi kusoma moja bila nyingine. Faili itakupa tarehe na amri, mtaro utakupa mikono. Wapo vijana wenzangu wanaopanga vijumba vya kumbukumbu mashuleni na makanisani, wanakusanya vigoda, vibuyu na mawe ya kusagia. Ni poa sana. Lakini jiwe la kusagia bila jina la aliyesaga ni jiwe. Kabla ya kukiweka kitu kwenye rafu, kiulize: nani alikutumia, nani amekutoa, na je, alitaka utolewe? Kuna vitu ambavyo havikutengenezwa ili vitazamwe. Kithitu, kile kitu cha kuapia ambacho kiapo chake hushuka hadi kwa watoto na wajukuu, wazee wengi hawataki hata kukitaja ovyo. Hiyo siyo ushamba. Hiyo ni kanuni ya matumizi, kama vile maktaba inavyokataza kula ndani.

*

Sasa swali gumu, lile linalofanya shughuli hii isiwe burudani ya wikendi.

Tuseme umeingia Moi Avenue, umejaza fomu, umeletewa faili, na katikati ya barua ndefu za kuchosha umekutana na jina. Ni jina la mtu wa tarafa yenu. Faili inasema alimpelekea DC habari za nani ameficha ng'ombe wapi. Jina la ukoo unalijua. Wajukuu zake wako hai, mmoja alikufundisha hesabu darasa la sita. Na upande wa pili wa korongo kuna familia ambayo hadi leo inasimulia jinsi zizi lao lilivyovamiwa alfajiri bila kujua nani alisema.

Ufanye nini?

Nilimpelekea swali hili mzee mmoja wa kwetu, kama mfano tu, bila jina. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Kijana, wewe ukishasema jina hilo utapanda matatu jioni urudi Nairobi. Sisi ndio tutabaki tukichota maji kwenye kisima kimoja."

Nikamwambia, "Lakini mzee, si wale wengine wana haki ya kujua?"

"Wanayo," akasema. "Nimekuambia hawana? Nimekuuliza wewe utakuwa wapi."

Nimeligeuza jibu hilo kichwani kwa muda mrefu. Kuna njia mbili zinazojitokeza haraka. Ya kwanza ni kuweka kila kitu mtandaoni: piga picha ukurasa, pandisha, ukweli ni ukweli. Ya pili ni kufunga faili na kuwaacha wafu walale. Zote mbili zina kasoro moja, kwamba zinaamuliwa na mtu mmoja aliyeshika simu.

Njia ya kwanza inasahau kile tulichokwishasema, kwamba faili ni mtu wa kesi. Mwaka 1938 chifu aliyekataa amri angeweza kufukuzwa kazi na kupachikwa mtu mwingine mkali zaidi. Ofisa naye alikuwa na sababu ya kujigamba kwa wakubwa wake kwamba ana watoa habari waaminifu kila kijiji. Inawezekana mtu huyo alisaliti kweli. Inawezekana pia alitaja zizi ambalo alijua tayari limehamishwa, ili aonekane anashirikiana. Barua haiwezi kukuambia. Ukiitangaza peke yake umempa ofisa wa 1938 haki ya kuhukumu kijiji mara ya pili.

Njia ya pili nayo ina ubaya wake, na ni mkubwa kuliko unavyodhaniwa. Ukimya hauwafuniki watu wote sawasawa. Mara nyingi familia zilizokaa karibu na ofisi ya DC ndizo zilizosomesha watoto mapema, zikapata kazi mapema, zikanunua shamba mapema. Ukisema yaliyopita si ndwele, unamwambia aliyepoteza ng'ombe mwaka ule kwamba umaskini wake hauna historia, ni uzembe wake tu. Hilo ndilo hasa alilosema Maher. Hatuwezi kumlaumu mkoloni kwa kuficha faili Hanslope Park halafu tukafungua Hanslope yetu ndogo Kathiani.

Kiswahili kina maneno mawili yanayofanana, lakini hayafanyi kazi moja: siri na stara. Siri ni kumnyima mtu jambo analostahili kulijua. Stara ni kumfunika mtu asiaibike zaidi ya inavyohitajika. Anayeosha maiti ameona kila kitu, na hatoki nje kusimulia, lakini pia hasemi marehemu hakufa. Nadhani anayesoma faili za watu waliokufa ana kazi ya namna hiyohiyo. Ukweli lazima ufike. Unafikaje, kwa nani kwanza, mbele ya nani, hayo ni sehemu ya ukweli wenyewe.

Kwa hiyo, kama mimi ndiye niliyekutana na jina, ningefanya hivi. Ningeipeleka barua nyumbani kwanza, kwa wajukuu wa aliyetajwa, kabla ya mtu mwingine yeyote. Sitaomba ruhusa ya kuificha, na nitawaambia hivyo waziwazi. Nitawauliza wanajua nini ambacho karatasi haisemi. Halafu nitakwenda ng'ambo ya korongo, kwa wale waliovamiwa, na kuwauliza hivyohivyo. Majibu yao yataandikwa, yatawekwa kando ya barua, na hayatatenganishwa nayo tena: anayesoma moja anasoma yote. Kisha ndipo itakapowekwa pale kijiji kinapoweza kuiona, shuleni au kanisani au chini ya mti. Kama familia mbili zitataka kukaa pamoja kwanza, zitakaa. Na mimi nitakuwepo siku hiyo, sitapanda matatu.

Utaniambia hiyo ni kazi ya mwaka mzima kwa ukurasa mmoja. Ni kweli. Historia ya haraka tayari tunayo ya kutosha. Imeandikwa na watu waliokuwa wanapita.

Utaniambia pia kwamba kuna wakati familia itakataa kabisa, itatisha, itakuja na mawakili au na mapanga. Hapo sina dawa ya moja kwa moja. Naamini mambo mawili tu. Kwanza, kukataa kwao nako kuandikwe, maana kukataa ni ushahidi. Pili, haki ya aliyeumizwa kujua haiishi kwa sababu mjukuu wa aliyeumiza ameona aibu. Aibu ya kurithi inauma, lakini si hatia, na inafaa tuwaambie hivyo wanaoibeba, kwa upole na mapema. Mwalimu wangu wa hesabu hakumhesabu ng'ombe yeyote.

*

Haya yote yanaweza kuonekana ni ya 1938, lakini sivyo. Sasa hivi mtu anapita Kathiani na tableti akiorodhesha wakulima, wanufaika, wadaiwa. Simu zetu zinajaza mafaili kila dakika: nani alimtumia nani pesa, nani alikopa, nani alikuwa wapi saa ngapi. Siku moja mjukuu wa mtu atayafungua mafaili hayo na kujaribu kutujua kupitia kwayo. Atatuona tukiwa namba, kama ng'ombe wa Maher. Atajua tulidaiwa kiasi gani, lakini hatajua tulikuwa tunamsomesha nani.

Kwa hivyo tusisubiri nyaraka zetu ziandikwe na wengine halafu tulalamike. Ukienda ushago Desemba hii, mchukue mtu mzima mmoja, zungukeni shamba, na kila mtaro uulize nani aliuchimba. Andika jina lote, la baba na la mwethya. Uliza kama anakubali liandikwe. Piga picha mahali uliposimama, na uandike uliposimama, ili mwingine akija baada ya miaka 54 aweze kusimama hapohapo na kuona kama tulisema kweli.